Krismasi Iliyoangukia Sabato

Mwaka huo Krismasi iliangukia Jumamosi, na kwetu sisi Jumamosi ilikuwa Sabato, siku ya kutogusa kazi yoyote. Kwa babu yangu kule Manga, Mkatoliki aliyeijua Misa nzima kwa Kilatini, ilikuwa Krismasi tu, na siku ya Krismasi lazima boma zima lifanye kazi.

Tulikuwa hatujakanyaga kwake kwa miaka minne. Baba alipopata shamba kwenye skimu ya makazi ya Nyansiongo, wakati Wazungu walipokuwa wakiondoka, babu alinung'unika lakini akamwacha aende. Aliposikia kwamba huko huko mwanawe amebatizwa upya na Wasabato, alisema maneno ambayo mama alikataa kunieleza. Nilijua tu kwamba hatuendi Manga tena. Kisha Desemba hiyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, shangazi yangu, dada yake baba, akaja na ujumbe. Nyanya macho yake yanakwisha, na anataka kuwashika wajukuu wake.

"Na mzee je?" baba akamuuliza.

"Mzee hajasema usije."

Baba akalichukua hilo kuwa mwaliko.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu alikuwa mgongoni mwa mama. Baba alikuwa amepanga kila kitu: lori la maziwa hadi Keroka, basi hadi Kisii, kisha tupande Manga kwa miguu na kuingia kwa babu jua likiwa bado juu. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Baba ndiye aliyekuwa akifundisha darasa la Sabato kanisani kwetu, na hakutaka mtu amwone amebeba mizigo njiani baada ya saa hiyo, babake mzazi hasa.

Lori lilikuja. Basi ndilo halikuja. Pale Keroka tulikalia gunia letu la viazi tangu asubuhi, na kando yake kifurushi chenye blanketi jipya la nyanya. Mabasi ya kutoka Nairobi yalipita yamejaa, hata mwendo hayakupunguza. Baba aliitazama saa yake ya mkono, akalitazama jua, akairudia saa. Saa nane mama akasema, "Baba watoto, turudi nyumbani."

"Tukirudi leo, Manga haturudi tena."

Ilipofika saa tisa na nusu, lori lililokuwa likirudi Kisii kupakia ndizi likatuchukua.

Mjini hatukusimama hata kunywa maji. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya miguu ilikuwa utelezi mtupu. Baba alitangulia na gunia begani, akipanda kwa haraka hivi kwamba mimi nilikuwa nakimbia nyuma yake. Kila tulipopanda kidogo, kivuli cha mlima kilikuwa kimetupita.

Jua lilizama boma la babu likionekana juu yetu, moshi ukitoka jikoni. Mwendo wa robo saa tu. Baba akasimama, akatua gunia, akavua kofia na kuomba. Kisha akalibeba gunia pamoja na kile kifurushi hadi nyumba iliyokuwa kando ya njia, akamwomba mama mwenye nyumba amwekee hadi Jumapili.

"Tunaingia kwa wazee mikono mitupu?" mama akamuuliza. "Baada ya miaka minne? Mkesha wa Krismasi?"

"Sabato imeingia."

"Na hilo blanketi la mama yako?"

Tukapanda.

Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake. Baba alimsalimu akiwa mbali, na babu hakuitikia hadi tulipofika karibu. Alimtazama baba mikononi, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Mmekuja na nini?"

"Tumekuja na watoto, Baba."

Babu akainuka, akachukua kigoda chake na kuingia ndani.

Nyanya alitupokea jikoni. Alinipapasa uso kwa viganja vikavu vyenye harufu ya moshi, akasema nimekuwa mrefu, akamshika mdogo wangu na kulia. Baba alikaa karibu na mlango. Hakuna aliyetaja Krismasi.

Asubuhi babu na ukoo mzima walikwenda Misa. Sisi tulisoma Biblia nyuma ya ghala, baba akituongoza kwa sauti ambayo haikuwa yake. Waliporudi, wake za baba zangu wakubwa walianza kumenya ndizi, mbuzi akachunwa, na mama akakaa kando akiwatazama wenzake wakifanya kazi. Nilimwona alivyoona haya. Nyanya alikuwa akikohoa tangu usiku, akaomba maji ya moto.

Babu akaniita. Zamani, kabla ya mambo hayo, alizoea kuniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Siku hiyo alisema, "Wewe msichana. Kalete kuni, nyanya yako apashiwe maji."

"Baba," baba yangu akasema, "watoto wapo wengi hapa."

"Nimemtuma huyu."

"Leo ni Sabato. Huyu atakaa."

Wanawake waliacha kumenya. Babu aliniambia niende, baba akaniambia nikae, wote wawili bila kupaza sauti, na wote wawili wakinitazama mimi. Nilitaka mama aseme kitu, naye alikuwa ameinamia mtoto.

Basi nyanya akainuka. "Acheni mtoto," akasema. "Kuni zangu nazijua zilipo." Akatembea akipapasa ukuta wa jikoni, akafika kwenye rundo la kuni, akakumbatia chache. Aliporudi mguu wake ukakwaa jiwe la kunolea panga. Alianguka kifudifudi, kuni zikatawanyika, na sauti aliyoitoa bado naisikia.

Baba ndiye aliyefika kwanza. Alimwinua, akamfuta damu kwenye paji la uso kwa leso yake, akambeba ndani kama mtoto. Halafu akatoka. Sote tulikuwa tumesimama. Akainama, akaziokota kuni moja moja, akaingia nazo jikoni, na tukamsikia akipuliza moto. Alipeleka maji yeye mwenyewe, akamnywesha.

Chakula kilipoiva babu alichukua ini la mbuzi, akalikata vipande viwili, kimoja akakiweka mbele ya baba. Walikula hivyo, wakitazama chini.

Jumapili baba alikwenda kulichukua gunia, nyanya akajifunika blanketi lake. Tulipoaga, babu alimpa baba mkono. Hilo tu ndilo alilofanya, na hadi anafariki sikumsikia akiomba msamaha wala kulitaja jambo lile.

Sabato iliyofuata, kule Nyansiongo, baba alisimama mbele ya kanisa, akaeleza kwamba aliwasha moto siku ya Bwana. Mimi nilidhani atasema mama yake alikuwa ameumia, na kwamba wote wangemwelewa. Hakusema.

"Na umetubu?" mzee wa kanisa akamuuliza.

"Nimekuja kusema nililofanya," baba akajibu. "Hilo lingine bado naliombea."

Wakamwondoa kufundisha darasa la Sabato. Alikaa benchi la nyuma hadi mahindi yakapandwa na kupaliliwa, na mama, ambaye tangu Manga hakuwa amemwambia neno la maana, akahama kutoka upande wa wanawake kule mbele, akaenda kukaa naye.