Suzuki ya Mlima Kalinzi

Joanitha alikuwa mkunga wa zahanati ya Kalinzi, lakini nyumba yake ilikuwa Katubuka, mjini Kigoma. Asingeweza kuhamia mlimani. Mumewe, Bonaventura, aliyekuwa karani wa reli, alipigwa na kiharusi mwaka ule watu wa Zaire walipoanza kuvuka ziwa kwa maelfu, na mazoezi yake ya mguu yalikuwa hospitali ya mkoa. Basi kila alfajiri Joanitha alipanda na Korola yao kuukuu, jioni akashuka.

Kiangazi hakuwa na shida. Ila mvua za mwaka tisini na saba zilikuja bila kupumzika, na ule udongo mwekundu wa kilimani ukawa kama mlenda. Korola ilikuwa ikifika kona ya tatu, magurudumu yanazunguka, gari halisogei. Anaiacha pembeni, anavua viatu, anapanda kwa miguu. Akifika, kina mama wameshachoka kumngoja, na wengine wameshaondoka.

"Tununue fowili," Bonaventura alisema. Maneno yalimtoka kwa kuvutwa tangu augue. "Tuuze kiwanja cha Gungu."

"Baba Edina, kile ndicho cha kujengea."

"Nani atajenga? Mimi?"

Magari ya fowili yenyewe, yanayosukumwa na magurudumu yote manne, yalikuwa adimu, maana mengi yalikuwa yamekodiwa kwenye kambi za wakimbizi. Lililobaki ni Suzuki moja ndogo kwa fundi Mwinshehe, pale Gungu. Joanitha akamwomba wakalijaribu huko huko linakokwenda kufanya kazi.

Walipanda Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo. Chini ya kilima palikuwa na lori limezama hadi kwenye ekseli, na utingo wake amekaa juu ya magunia akila muhogo. Mwinshehe alivuta kigingi kidogo cha fowili kando ya gia, gari likanguruma, likapanda. Zile kona zilizomtesha Joanitha mwezi mzima zilipita moja baada ya nyingine. Akajikuta anacheka peke yake.

"Unaona, Nesi?" Mwinshehe akasema. "Yote manne yanasukuma."

Waligeuza juu, wakaanza kushuka. Kwenye mteremko wa kwanza Mwinshehe alikanyaga breki, na gari halikusimama. Halikwenda mbio, lilikwenda polepole, ubavu ubavu, magurudumu yote manne yamekazwa na breki na yote manne yanateleza. Mwinshehe alizungusha usukani huku na huku, gari halikumsikia. Joanitha alishika dashibodi akitazama mtaro unavyokuja. Walikuwa na muda wa kutosha kuuona. Gari likaingia mtaroni, likalala kwa upande.

Hakuna aliyeumia. Mwinshehe alitoka, akazunguka gari, akarudi.

"Kupanda linapanda," alisema kwa sauti ya chini. "Kusimama kwenye tope ni tairi na Mungu."

Walikuwa bado wanakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu walipoona wanaume wanashuka na machela. Mbele alikuwa Meshack, mkulima wa kahawa, na juu ya machela mkewe, Wema, aliyetarajiwa kujifungua wiki ile. Blanketi lilikuwa limelowa damu.

"Nesi! Tumetoka zahanati, tumekuta umeshaondoka tangu jana," Meshack alisema. Kisha akaliona gari. "Tupakieni, tafadhali."

Wote walilitazama lile gari mtaroni. Walijaribu kulisukuma, wanaume sita na Mwinshehe kwenye usukani. Lilizama zaidi. Joanitha akasema waliache, wanyanyue machela. Akashuka nao hadi Mwandiga, kwenye barabara kuu, mkono wake juu ya tumbo la Wema, akisikilizia mtoto, akimwongelesha mama asilale. Hakuwa na dawa wala dripu. Mwandiga walipata lori la samaki, likawafikisha hospitali. Wema alipona. Mtoto hakupona.

Jioni Bonaventura alikuwa anamngoja mlangoni na fimbo yake.

"Lilipanda?"

"Lilipanda."

"Basi tununue."

Joanitha alitaka kumweleza habari ya kushuka, ya mtaro, ya Meshack alivyomtazama. Alikaa chini akaanza kumfunga kamba za viatu vya mazoezi, akazikosea, akaanza upya. "Tununue," alisema, kwa kuwa kubaki na Korola kulimtia hofu zaidi.

Waliuza kiwanja. Suzuki ilimpandisha siku nyingi kwa wakati, na kushuka akajifunza kutia gia namba moja na kuondoa mguu kwenye breki. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata mvua ikabomoa daraja la chini ya kilima. Asubuhi ile aliyakuta magari yamepangana, makubwa kwa madogo, ya kambini na ya wauza kahawa, madereva wamesimama ukingoni wakitazama maji. Ng'ambo kwenye mteremko mwanamke alikuwa anapunga kanga, kwa nani haikujulikana. Joanitha alizima gari, akasimama na wengine.