Siku Niliyosingizia Samaki wa Mama Akoth

Hii naisimulia nikiwa nimeangalia chini, kwa sababu hadi leo nikipita karibu na uwanja ule wa Homa Bay uso unanichoma.

Mimi ni mkimbiaji wa mita elfu tano, mtu wa Migori, na nina endometriosis (nyama kama ile ya ndani ya kizazi inamea nje ya kizazi, ndivyo daktari alivyonieleza, na mwezi ukifika ni kama mtu ananipasua kwa ndani). Kocha sikuwa nimemwambia. Ningeanzia wapi, mwanaume wa rika la baba yangu? Basi asubuhi ya mchujo wa timu ya taifa akanikuta nimejikunja kitandani kambini kwetu, kando ya uwanja, akauliza, "Wewe, una nini?" nami nikajibu haraka, "Ni samaki ya jana, kocha."

Neno hilo tu. Kocha akatoka mbio hadi jikoni, akamfokea Mama Akoth, mpishi wetu, mbele ya timu nzima, na wenzangu waliposikia samaki wakaanza kushika matumbo (wawili walitapika kabisa, sijui walitapika nini), Mama Akoth akaambiwa afunge vitu vyake aende, naye anarudia tu, "Samaki yangu? Mimi?" Na mimi nikameza dawa, nikavaa viatu, nikaenda kukimbia.

Mzunguko wa nane nilianguka kwenye kona, mbele ya jukwaa lililojaa watu, damu imeshapita kaptura, na kaptura yenyewe nyeupe. Aliyenifikia kwanza si daktari wala kocha. Ni Mama Akoth, mfuko wake wa nguo bado uko begani, akafungua leso yake akanifunga kiunoni.

"Nyathina, mwanangu," akaninong'oneza kama anayeongea na mtoto wake wa kuzaa, "kumbe ni hii? Si ungesema?"

Damu haikuniaibisha vile maneno hayo yaliniaibisha. Kocha alipofika nikasema pale pale, nikilia, watu wakisikia: "Samaki haikuwa na shida. Nilidanganya."

Timu ya taifa sikuingia. Mama Akoth alirudishwa jikoni siku hiyo hiyo, kocha akamwomba msamaha, naye akapokea. Nilipoenda mimi, alinipa kiti, akanipa uji, jibu hakunipa.

Siku hizi kocha akiuliza nina nini, namtajia ugonjwa kwa jina lake lote, hata mbele ya wanaume kumi.