Nilienda Geita kutafuta nyumba ya kuhamia, nikakutana na mama aliyekuwa anahama

Wakuu, salaam. Mlio wakubwa kwangu, shikamooni.

Naandika mchana huu umeme umekatika hapa Kambarage, Shinyanga, sare za watu zimelala mezani zinasubiri pasi. Kwa hiyo muda ninao.

Nimeona nyuzi nyingi humu za watu wanaouliza, "Nataka kuhamia Geita, mtaa gani unafaa kwa familia?" Majibu ni yaleyale: wapi maji yanatoka, wapi kuna vibaka, wapi kodi imechangamka. Na mimi niliwahi kuuliza humuhumu kwa ID nyingine, na nashukuru mlinijibu. Leo naeleza ilivyokuwa. Yote yamenipata mimi mwenyewe, na kama kuna sehemu itawachosha, mjue hata mimi ilinichosha.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu, Baba Kulwa, ni fundi wa kuchomelea. Tuna mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la pili. Tunaishi na mama yangu mzazi ambaye alipata kiharusi, mguu na mkono wa kushoto havina nguvu. Anatembea kwa kushikilia chuma cha miguu minne ambacho Baba Kulwa alimtengenezea kwa mikono yake. Kliniki yake ni hospitali ya Kolandoto, na kutoka hapa mjini si mbali.

Kazi za mageti na madirisha zilipopungua Shinyanga, rafiki wa mume wangu akamvuta Geita. Kule kuna makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vyuma vyake vinakatika kila kukicha. Fundi hakosi kazi.

Akaenda kwa "miezi michache".

Wakuu, mnaijua miezi michache ya mwanaume aliyeenda machimboni. Mwaka ukaisha, ukaanza mwingine.

Msije mkamfikiria vibaya. Matumizi alituma, simu alipiga. Akipata nafasi alikuja, ila alikuwa anafika amechoka mpaka unamwonea huruma. Anakula, analala, anaamka, anarudi stendi.

Jumamosi moja amefika, Doto akampokea mfuko, akamwamkia vizuri, halafu akauliza, "Baba, unaondoka kesho asubuhi au mchana?"

Mtoto hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu, kama unavyomuuliza mtu yeyote anayepita. Baba Kulwa akajifanya hajasikia. Baadaye akanifuata jikoni.

"Mama Kulwa, nimechoka kuwa mgeni kwangu. Hamieni Geita."

Nilikuwa na wateja wangu wa sare niliowatafuta kwa shida. Watoto shule wamezoea. Na mama je? Mtu mwenye kiharusi humhamishi kama godoro.

Nilipomweleza mama, alinisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, nyumbani tunaongea Kisukuma, lakini hili alilisema kwa Kiswahili ili hata wajukuu wasikie.

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi nabebeka. Mkienda, twende wote. Ila nyumba isiwe na ngazi, na choo kiwe cha kukaa."

Basi. Nikamwachia mdogo wangu watoto na mama, nikapanda gari la kupitia Kahama. Barabara ile wanaoijua wanaijua, sina la kuongeza. Nilifika Geita nywele zimekuwa rangi ya udongo.

Baba Kulwa alikuwa kazini, akanipa namba ya dalali. Kijana ana maneno mengi, anatembea haraka, kila nyumba kwake ni "hii sista haitakaa, watu wanaigombania".

Nyumba ya kwanza ilikuwa pembeni ya mji, sitataja mtaa maana mwenye nyumba anaweza kuwa humu. Vigae chini, jiko ndani, kodi ya kawaida kabisa. Nikaanza kushangaa bei. Mara chini kukatetemeka, vioo vya madirisha vikalia.

"Nini hiyo?"

"Baruti tu, sista. Nyuma ya kile kilima kuna wachimbaji wadogo. Mtazoea."

Nikatazama ukuta wa sebuleni. Kulikuwa na ufa umezibwa kwa simenti mpya, na kwenye ile simenti mpya kuna ufa mwingine. Nikatoka nje.

Ya pili ilikuwa jirani na makarasha. Pale tuliongea kwa kupiga kelele kama tuko ng'ambo mbili za mto, na vumbi la mawe limekaa mpaka kwenye majani ya mihogo. Mama mmoja alikuwa anachota maji kisimani uani. Nikamuuliza kama yanafaa.

"Ya kufulia. Ya kunywa tunanunua." Akanikagua kidogo. "Una watoto wadogo?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchota. Nilimwelewa.

Ya tatu ilikuwa Nyankumbu. Kwa wanaouliza, kwa macho yangu kule kumetulia, watu wanajenga, shule zipo. Nyumba niliipenda. Haina ngazi, choo cha kukaa, uwanja wa watoto kucheza. Mwenye nyumba ni mzee mstaarabu, akanikaribisha kiti, akauliza tutakaa wangapi.

Nikamtajia. Nilipomtaja mama, akanikatiza.

"Anaumwa nini?"

"Alipata kiharusi, baba, lakini ana nafuu."

"Mwanangu, usinielewe vibaya. Sipangishi mgonjwa. Msiba ukitokea humu, nitampangisha nani tena?"

Aliongea kwa upole kabisa, wala sikuona pa kukasirikia. Nikamuaga kwa heshima. Nje nikakaa kwenye tofali, nikanywa maji yangu, dalali anachezea simu. Jua lilikuwa kali, miguu inawaka moto, na kichwani nasikia tu "sipangishi mgonjwa, sipangishi mgonjwa". Mama aliyenizaa.

"Sista, imebaki moja," dalali akasema. "Mpangaji anatoka wiki hii."

Nikainuka kwa sababu nilikuwa nimeshafunga safari tu. Hamu ilikuwa imeisha.

Tulimkuta mpangaji anafunga mizigo. Mama wa rika langu, nitamwita Mama Shija. Masufuria ameyafunga kwenye shuka, vitanda vimefunguliwa vimeegemezwa ukutani. Akanikaribisha kama vile sijaja kuchukua nyumba yake. Akanipa ndoo niigeuze nikalie, dalali akabaki nje na simu zake.

Nyumba ilikuwa ileile niliyokuwa naiomba. Tambarare, bomba uani, choo cha kukaa, na dirisha la chumba kimoja linatazama barabarani. Nikaona mama angekaa pale angalau aone watu. Nikamuuliza kuhusu mama yangu, kama mwenye nyumba ana shida na wagonjwa.

"Hana shida. Baba mkwe wangu aliugua humu mpaka akapona."

"Majirani?"

"Wazuri."

"Maji?"

"Yanakatika, lakini yanarudi."

"Sasa dada yangu," nikamuuliza, "nyumba nzuri hivi unahama kwa nini?"

Aliendelea kukunja nguo za watoto. Akasema anarudi kwao, Kharumwa. Halafu akasema, "Nyumba haina kosa. Ila kila pikipiki ikisimama hapo nje, nadhani ni yeye."

Mume wake alifariki kwenye duara, yale mashimo ya dhahabu. Nikampa pole. Nikasema, sijui kwa nini nilisema hivyo, labda nilitaka kujifariji mwenyewe, nikasema kazi ya uchimbaji ni ngumu sana, mimi wangu afadhali ni fundi tu wa kuchomelea, yuko juu.

Mama Shija akaacha kukunja.

"Wangu naye hakuwa mchimbaji. Alikuwa fundi pampu."

Sikumwelewa.

"Maji yakijaa chini, pampu ndiyo inayoyavuta. Pampu ikikwama, nani anaifuata? Bomba likipasuka huko chini, nani anashuka kulichomelea? Wachimbaji wanapanda juu wanakaa kivulini. Anayeshuka ni fundi." Akachukua nguo nyingine. "Hewa ilikuwa mbaya. Walimtoa hana hata mchubuko, utadhani amelala."

Halafu akaniambia jambo ambalo nalikumbuka mpaka leo: "Muulize wako. Muulize ukimwangalia usoni."

Nikamwambia dalali nitampigia.

Nilionana na Baba Kulwa kwa mama ntilie karibu na kazini kwake. Alikuwa na furaha. Ameagiza sangara, ananiuliza nyumba ipi, lini tunahamisha, shule ipi. Nikamwacha ale kwanza. Kisha nikamuuliza.

"Baba Kulwa, huwa unashuka chini?"

"Nani kakwambia?"

Hapo nikawa nimeshajibiwa.

"Mara mojamoja," akasema. "Kitu kikikatika chini hakiwezi kuja juu chenyewe."

"Na mimi nilikuwa nijulishwe lini?"

"Ungelala?"

Nisingelala kweli.

Nikamwambia, kama unashuka, sihamii hapa. Siji kukaa kwenye ile nyumba na kusikiliza pikipiki. Akakasirika, na alikuwa na haki yake. Akasema ameteseka peke yake kwa ajili yetu, sasa nyumba imepatikana namrudisha nyuma. Akauliza Shinyanga atakula nini, atachomelea nini. Yote ni maswali ya kweli. Nikabaki kurudia, "Usishuke." Watu wakawa wanatutazama. Tukamaliza chakula, akanisindikiza stendi, hatukupeana hata mkono.

Nimerudi Shinyanga, mama akauliza, "Nyumba umepata?"

Nikasema nimepata ila hatuendi. Alivuta mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, akaushika mpaka aliposinzia.

Zikapita wiki kadhaa za simu fupi fupi. Umeamka, nimeamka. Watoto wazima, wazima.

Halafu mchana mmoja niko kwenye cherehani, namwona anashuka kwenye bajaji na begi lake na mashine yake ya kuchomelea. Akaishusha mwenyewe, akaiweka ukumbini, akaomba maji ya kuoga.

Kesho yake ndiyo akaniambia.

Bomba lilikuwa limepasuka chini. Akavaa mkanda wa kushukia, akafika mdomoni mwa duara, miguu ikagoma. Anasema alijaribu, ikagoma. Watu wanasubiri, bosi anamwita kwa jina. Mwisho akavua mkanda, akampa fundi mwingine. Yule akashuka, akachomelea, akapanda salama, akapiga soda.

"Hakuna kilichotokea, Mama Kulwa," akaniambia. "Kazi ilikuwa ndogo tu. Mwenzangu alishuka akapanda. Mimi ndiyo nilishindwa."

Wakuu, ningekuwa natunga ningesema duara lilititia siku ileile, sote tukapiga magoti tukamshukuru Mungu. Halikutitia. Watu wako kule mpaka leo wanafanya kazi, wengine wamejenga. Na mume wangu yuko hapa anajiona mwoga.

Maisha yetu sasa hivi si mazuri kihivyo. Kazi zinakuja kwa kusuasua. Kuna siku anakaa kwenye benchi nje asubuhi mpaka mchana, ukimsemesha anajibu kwa mkato. Ndugu zake wananisema kwamba nimemkalisha mwanaume kwenye umaskini kwa sababu ya wivu. Bosi wa Geita bado anampigia. Anatoka nje kupokea, na mimi nasimamisha cherehani nisikie, halafu naona aibu naendelea kushona.

Kuhusu kuhama, hatujafunga mlango. Anasikia Kahama mjini kuna ujenzi mwingi, mageti yanatakiwa. Safari hii amesema tutaenda wote wawili kutazama, na tutaanza na kazi ndipo tufuate nyumba. Mama ameshatoa masharti yake, yaleyale ya choo.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukienda mji mgeni kutafuta nyumba, dalali atakuonyesha vigae na mwenye nyumba atakuuliza mko wangapi. Wewe mtafute anayehama. Kaa naye, msaidie hata kukunja nguo, muulize anaondoka kwa nini. Mama Shija mimi sikumsaidia kukunja hata moja, na wala namba yake sikuchukua. Kama ana ndugu humu ndani, mfikishieni salamu, mwambieni wabeja sana, yaani asante.

Sijui kama niliamua sawasawa. Kuna siku naona sawa, kuna siku namtazama pale kwenye benchi nakosa uhakika. Wanaume mliowahi kuacha kazi ya namna hii mkarudi nyumbani, naomba mnisaidie: mlichukua muda gani kukaa sawa? Na wake zenu walifanya nini kilichosaidia? Matusi pia nitasoma, nimeshazoea kwa mawifi.

Na wewe unayejenga Shinyanga hii, unataka geti, grili au dirisha, njoo PM nikuelekeze. Fundi yupo.