Ukuta wa Karani na Hita ya Lita Themanini

Matroni hakuwa na ugomvi na maji ya moto kama maji ya moto. Chai alikunywa. Lakini mtu aliyesimamia bweni la wasichana kwa miaka thelathini na moja, akiwatoa vitandani alfajiri na kuwapanga foleni kwenye bomba la maji baridi, hawezi kuzeeka halafu akubali ifungwe nyumbani kwake mashine ya kuwadekeza watu wazima. Msimamo wake ulijulikana mtaa mzima, maana hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja. "Maji ya moto yanalegeza akili," alikuwa akisema, na kama karibu alikuwepo mtu mwenye akili iliyolegea, alimtazama.

Kwa hiyo mwanawe alinunua hita kimyakimya. Mwanawe huyo aliuza bima, ila watu walimwita Injinia, kwa sababu hakutoka nyumbani bila futi ya chuma kiunoni, na alipima kila kitu, hata vitu ambavyo hakuna aliyetaka kujua urefu wake. Alikuta hita ya lita themanini inauzwa kwa bei ya kutupa, akaibeba, akaitua sebuleni ikiwa ndani ya boksi. Kwamba hita ina mahitaji mengine kabla ya kutoa hata tone la maji ya moto, hilo hakuliuliza. Boksi likakaa wiki tatu. Familia ikaanza kuliwekea vikombe.

Hita peke yake isingemnyima Matroni usingizi. Kilichomnyima ni mpango wa pili. Mwezi huohuo Injinia alitaka kubomoa ukuta uliotenganisha sebule na korido, ili sebule ipanuke. Ukuta ule ulijengwa na baba yake.

Marehemu alikuwa karani wa posta, mtu wa mihuri na stempu, na hakuwahi kushika mwiko wa kujengea mpaka siku alipoamua kwamba mafundi wote ni wezi. Akapiga hesabu ya matofali mwenyewe, akakosea, akaletewa mara mbili ya yaliyohitajika. Kwa kuwa kukiri kosa ilikuwa kazi asiyoiweza, aliyatumia yote. Alijenga likizo mbili nzima, Matroni akimchotea maji ya kukorogea saruji huku Injinia, mchanga kabisa, akilia mgongoni. Ukuta ukatoka mnene kama wa benki, umepinda kidogo katikati, na wageni walipouona walikohoa ili wasicheke. Karani mwenyewe aliusifu mpaka alipofariki, na ni miaka tisa sasa. Matroni alikuwa bado anampenda, na ukuta ule ndio kitu pekee marehemu alichokijenga kwa mikono yake. Hayo hakuyasema. Alisema vumbi litamdhuru kifua.

"Utakaa kwa dada wiki moja, mama," Injinia alijibu. "Vumbi likiisha unarudi."

Matroni akasema ukuta unashikilia paa. Injinia akapanda darini na futi yake, akashuka na buibui kichwani, akasema haushikilii chochote.

Jumamosi akaja fundi wa kazi zote mbili, kufunga na kubomoa. Alijulikana kama Fundi Kumbe, kwa sababu kila nyumba ilimshangaza, na kila mshangao ulikuwa na gharama yake. Matroni alipomwona akifungua begi la vifaa, akapata wazo la kijeshi kabisa. Hela za Injinia zina mwisho. Hita ikizimeza zote, za kubomolea zitatoka wapi? Akavaa viatu, akamfuata fundi nyuma.

"Kumbe waya wenu mwembamba," fundi alisema mbele ya swichi kuu. "Hita inataka waya wake mnene, peke yake, na swichi yake, peke yake. Ukiiunga kwenye huu wa taa, mtakuja kuzima moto."

"Na waya wa kwenda ardhini?" Matroni akauliza. "Mtu asije akanaswa na umeme akiwa na sabuni machoni."

Fundi alimtazama kwa heshima. "Na wa ardhini. Mama anajua mambo."

"Weka," Injinia akasema.

Kumbe tangi nalo liko chini mno, maji hayatakuwa na nguvu, lazima liinuliwe kwenye mnara wa chuma. "Mrefu," Matroni alishauri. Kumbe mabomba ni ya maji baridi, ya moto yatayalainisha kama mshumaa. Kumbe ndani ya boksi hamna valvu ya usalama, ile inayopunguza nguvu hita ikizidiwa, na bila valvu hiyo, fundi alisema, hita inaweza kuondoka kupitia paani. "Nunueni mbili," Matroni akasema. Injinia aliandika yote nyuma ya risiti ya hita, na maandishi yakazidi kuwa madogo kadiri karatasi ilivyoisha. Mkewe, nesi aliyekuwa akichemsha maji ya kuoga kwenye sufuria kila alfajiri kabla ya zamu, alisimama mlangoni akimwangalia mama mkwe wake. Hakuwahi kumwona akiijali hita namna ile.

Kisha fundi akaanza kugonga kuta. Hita hii ikijaa maji, alieleza, inapita kilo mia, sawasawa na kuoga huku watu wawili wananing'inia juu ya kichwa chako. Akagonga ukuta wa bafu. Kumbe ni matofali ya matundu. Akagonga wa pili, matundu. Upande ule wa nyumba aliupanua Injinia mwenyewe, aliyepima vizuri sana na kununua rahisi.

"Basi tusimamishe nguzo ya zege," fundi akasema, akataja bei.

Injinia aliisoma risiti mbele, akaisoma nyuma, akakaa juu ya boksi. "Nguzo na kubomoa haviwezekani pamoja," alisema taratibu. "Nichague kimoja."

"Nguzo," Matroni akasema haraka. "Usalama kwanza."

"Hapana. Hita tunaiuza, ukuta tunabomoa. Wewe mwenyewe hukuitaka, mama."

Matroni akarudi nyuma hatua moja, jambo ambalo wasichana wa bweni lile wangelipa kiingilio kulishuhudia. Mpango wake wote ulikuwa umemgeukia, na fundi alikuwa tayari ameshika nyundo anaelekea koridoni. Akaugonga ukuta wa karani, kuonja tu. Nyundo ikamrudia mkononi. Akagonga tena, akaweka sikio.

"Kumbe," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutaja bei. "Huu alijenga nani?"

"Marehemu mume wangu."

"Alikuwa fundi?"

"Karani wa posta."

"Huu unabeba hita tatu. Na bafu hili hapa, hatua mbili. Nguzo ya nini?" Akamgeukia Injinia. "Lakini ukiubomoa, bosi, hita utaibeba mwenyewe."

"Sasa sebule yangu..." Injinia akaanza.

"Sebule haijawahi kuniogesha," mkewe akasema.

Injinia akamtazama mama yake kama mtu anayetafuta shahidi. "Si ulisema maji ya moto yanalegeza akili?"

"Yanalegeza," Matroni akasema. "Hita ifunge hivyohivyo. Sitaki huu ukuta ubomolewe. Baba yako aliujenga, nilimchotea maji, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Kifua changu hakina tatizo lolote na vumbi."

"Mbona hukusema, mama?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unapima."

Fundi alivunja keekee tatu za kutobolea kabla ukuta haujakubali kuingiwa na skrubu, na kila moja ilipovunjika Matroni aliomba radhi kwa niaba ya marehemu, akijitahidi asitabasamu. Jioni hita ilikuwa juu, na fundi anajifuta vumbi.

"Ikitunzwa inakaa miaka kumi na mitano," alisema. "Ikichakaa mtaishusha, ndipo mfanye mnavyotaka na huu ukuta."

Matroni alikuwa na miaka sabini na sita. Alijumlisha kwa vidole, bila haraka.

"Inatosha," akamwambia mwanawe. "Wakati huo utabomoa, mimi sitakuwepo kuona."

"Tutafunga nyingine," Injinia akasema, na wala hakuuliza bei.