Mtu wa Kusimama Swichini

Mtaani walimwita Mkono Mmoja, ingawa mikono alikuwa nayo yote miwili. Kila alipofungua amplifaya, sanduku la kuongezea nguvu redio yake ya mawasiliano, mkono wa kushoto aliutia mfukoni, ili umeme ukimrukia usipate njia ya kupitia kifuani kwenda mkono wa pili. Akazoea hivyo hata akinywa chai. Fundi cherehani mmoja mgeni alimtazama siku nzima, akamhurumia, akamshonea koti la mkono mmoja. Mkono Mmoja alilivaa mpaka likachakaa.

Sharti lake la pili lilikuwa hili: sanduku likiwa wazi na umeme umewashwa, lazima mtu asimame swichini. Miaka thelathini na moja mtu huyo alikuwa mkewe. Alisimama kidole kwenye swichi ya ukutani, akinung'unikia sufuria inayoungua jikoni. Sasa alikuwa ametangulia mbele ya haki, mwaka wa pili huo.

Jumapili hiyo, saa kumi alasiri, rafiki yake wa hewani angesikiliza kwa mara ya mwisho. Hawakuwahi kuonana, miaka ishirini walijuana kwa sauti tu. Mzee mwenzake huyo alikuwa anahamia ghorofani kwa binti yake, ambako hakuna pa kusimamisha antena. Na wiki hiyo hiyo kapasita kubwa ya amplifaya, ile inayotuliza umeme usitetemeke, ikavimba kama chura aliyetukanwa. Bila amplifaya, sauti ya Mkono Mmoja isingefika hata nusu ya njia.

Kapasita mpya aliifunga Jumamosi, umeme ukiwa umezimwa. Kilichobaki ni kupima umeme wa kusubiri, ule kidogo unaopita kwenye taa mbili za kioo zinazokuza sauti, hata msemaji akinyamaza. Ukizidi, taa zinaungua. Ukipungua, maneno yanatoka yamekatika vichwa. Na kazi hiyo hufanywa sanduku likiwa wazi, volti elfu mbili zikiwa macho.

Saa tisa aliwasha, akazima. Akawasha tena, akazima. Mwishowe akavuka ua, akabisha kwa dada wa marehemu mkewe, ambaye tangu mazishi hawakuwa wakisemeshana.

“Shemeji, nakuomba uje usimame swichini.”

“Lile sanduku lako limeniharibia redio yangu miaka kumi, leo ndiyo unanijua?”

“Nikianguka, uzime. Usinishike.”

“Nikushike wewe? Hata ukiwa mzima sikushiki!”

Akaja, mwiko mkononi.

“Huo wa nini?”

“Wa kukusukumia.”

“Mkavu?”

“Mkavu kuliko salamu zako.”

Kando ya swichi rangi ya ukuta ilikuwa imelika, pale bega la dada yake lilipoegemea miaka yote. Shemeji alipaona. Akaegemeza bega lake papo hapo.

Mkono Mmoja akatia kushoto mfukoni, kwa kulia akazungusha bisibisi polepole, mpaka mshale wa kipimo ukatulia kwenye alama. Akafunika sanduku. Saa kumi ikafika, akaita.

“Nakusikia kama uko chumbani kwangu!” ikajibu sauti.

Wakazungumzia magoti, mvua, na mbwa wa jirani anayebweka akiota. Kila mmoja akamhimiza mwenzake anywe dawa zake. Kisha ile sauti ikaaga, mara mbili, na baada yake ukabaki mvumo wa hewa tu.

Mkono Mmoja hakuweka kipaza sauti chini. Mshale ulirudi ukakaa kwenye alama yake ya kusubiri, na kupitia matundu ya kifuniko zile taa ziliwaka nyekundu, tayari kwa neno.

“Amekwenda?” shemeji akauliza.

“Amekwenda.”

“Basi nizime?”

Mkono wa kushoto ulikuwa bado mfukoni, na sanduku limeshafungwa.

“Bado, shemeji. Ngoja kidogo.”

Shemeji akahamisha mwiko mkono wa pili, bega lisiondoke ukutani.

“Kidogo kweli. Nimeacha sufuria jikoni.”