Pikipiki Isiyopakwa Rangi

Adero na mimi tumetenganishwa na ukuta wa mabati hapa mtaani Kianda tangu mwaka wa tisini na moja, kwa hivyo mtu asiniambie pikipiki yake ni chuma chakavu. Kila Jumapili akitoka kanisani lazima aiwashe. Sufuria zangu hutetemeka ukutani, na nimeshazoea.

Ni pikipiki ya Kiingereza, imenizidi umri. Marehemu mumewe, Oyoo, alikuwa makanika, akaipata kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Injini aliitunza kama mtoto, lakini rangi hakuigusa. Pande zote mbili za tangi, magoti ya mwendeshaji yalikuwa yamekula rangi nyeusi hadi bati likang'aa. Oyoo alisema hapo ndipo unapoona kwamba imetembea. Alipougua na miguu ikamwishia nguvu, alikaa mlangoni kwenye kigoda akimwelekeza mkewe: fungua hapa, safisha pale, usikaze sana. Mwaka mzima. Wanaume wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walicheka kuona mwanamke ameshika spana. Adero aliendelea kufungua nati.

Oyoo alizikwa kwao Siaya mwaka wa tisini na sita. Matanga yalipoisha, vitu vyake viligawanywa kama ilivyo desturi yao. Mdogo wake, Obonyo, akajipa redio, koti na pikipiki. Adero akaachiwa ovaroli ya kazi iliyojaa grisi. Nilikasirika kuliko mwenyewe.

Jumamosi moja Obonyo akaja kuichukua pikipiki. Alikuwa na mnunuzi kutoka Kawangware, mzee Ndungu, na mkebe wa rangi nyekundu, maana alisema ikipakwa itang'ara. Adero alisimama mlangoni akawaambia jambo moja tu: atakayeiwasha aende nayo. Obonyo akacheka, akakubali mbele ya ploti nzima.

Sasa, pikipiki ile ina masharti yake. Kuna kitufe kwenye kabureta, unakibonyeza hadi petroli itokeze kidogo. Kuna pia kijiti cha chuma kwenye usukani, lazima ukirudishe nyuma kabla ya kupiga kiki. Usipokirudisha, kiki itakurudia. Obonyo hakuuliza. Angemwulizaje mwanamke? Alipiga kiki mara kumi, akavua koti la marehemu, akapiga tena. Ya kumi na mbili ikamrudia kwenye muundi, akakaa chini. Sitadanganya, nilifurahi.

Adero akaingia ndani, akatoka amevaa ile ovaroli. Kitufe, kijiti, kiki moja. Ikanguruma.

Mzee Ndungu alitaka kuinunua papo hapo, hivyo hivyo ilivyo. Adero alitikisa kichwa.

"Shemeji, hiyo ni ya ndugu yangu," Obonyo akasema, bado ameshika mguu.

"Ndugu yako alikaa hapa mwaka mzima akinifundisha," Adero akamwambia. "Wewe ulikuja lini kumwona?"

Sisi majirani tulikuwepo mwaka ule, na jibu tulikuwa tunalijua.

Mzee Ndungu aliomba lifti, naye Adero akampeleka hadi kwake mtaa wa Congo, kule Kawangware. Obonyo aliondoka kwa miguu, akichechemea, akasahau mkebe wake. Rangi ile nilipaka mlango wangu. Pikipiki haikupata hata tone, na magoti yanayong'arisha tangi siku hizi ni ya Adero.