Jicho Chini ya Chokaa

Ukitaka kumjua Nzomo usianzie nyumbani kwake, anzia kuta za Mukuyuni. Ng'ombe wa kwenye bucha ni wake, na ameshiba kuliko ng'ombe yeyote wa Makueni hii. Birika la hoteli, pasi ya dobi, kiatu cha fundi viatu, magunia ya unga ya posho mili, yote ni mkono wa Nzomo. Herufi zake zimenyooka na rula hajawahi kushika. Anachovya kamba kwenye masizi, anaikaza kutoka pembe hadi pembe, anaifyatua mara moja, na ukutani unabaki mstari mwembamba mweusi. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano, na kama hujawahi kusoma ukuta alioandika yeye, basi Mukuyuni hukufika, ulipita tu.

Kitu kimoja hakuwa anachora, nacho ni uso wa mtu. Ungembembeleza, ungemnunulia chai ya maziwa na mandazi, angekula mandazi na uso asichore.

Hiyo ilianza na Kathini, yule mama anayeuza ndengu sokoni. Miaka mingi iliyopita, alipofiwa na mumewe, Kathini alimletea Nzomo picha ndogo ya kitambulisho, akamwomba amchore mzee kwenye ukuta wa kibanda chake, ili akifungua kazi asubuhi awe anamwona. Nzomo alichora siku tatu. Kathini akaja, akasimama, akaangalia weee, kisha akasema kwa upole kabisa, "Asante, Fundi. Lakini huyu mwanaume mimi sijawahi kuolewa naye."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Jioni hiyo hiyo Nzomo alikoroga chokaa akaufuta ule uso, akapaka na kupaka mpaka hata kivuli chake kikapotea. Tangu siku hiyo akabaki na ng'ombe wake na mabirika.

Sasa, mwaka jana akaja Muthoki. Huyu ni msichana wa Kikima, huko juu Mbooni, miaka ishirini na saba, suruali imejaa madoa ya rangi mpaka hujui ilinunuliwa ikiwa rangi gani. Amechora kuta za Nairobi zenye ghorofa nne, na picha zake mbili zimewahi kutundikwa katika jumba la sanaa, mahali ambapo watu huvaa viatu vizuri kwenda kuangalia ukuta. Waruguru, mama mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la vifaa vya ujenzi hapa, alimpa ukuta wa nyuma wa duka. Ni ghorofa mbili nzima, na unatazamana na kanisa. Muthoki aliahidi kumaliza kufikia Alhamisi, siku ya soko, kwa sababu Ijumaa alitakiwa Kitui mjini, kwenye ukuta mwingine.

Alianza Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Nzomo alienda kuangalia, mikono nyuma, jinsi fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwingine. Alitarajia kamba, au angalau mistari. Alichoona ni msichana amepanda jukwaa la mbao anachafua ukuta. Alipiga duara hapa, msalaba pale, namba sita imelala chali, mikia, vidoti, herufi zisizosomeka, kutoka chini mpaka juu. Nzomo alitikisa kichwa akaenda zake. Jioni alimwona tena, yuko juu kabisa amekazana na sehemu moja ndogo, mgongo umeiziba. Jumamosi asubuhi Muthoki akaenda Machakos kuongeza rangi, akasema atarudi Jumapili mchana.

Na Jumapili hiyo kanisa lilitarajia mgeni, mhubiri kutoka mbali. Musyoka, mzee wa kanisa, aliangalia ule ukuta, akamwangalia Nzomo.

"Fundi, huyu mtu wa Mungu atahubiri akitazama hii takataka? Na msichana mwenyewe amehepa. Fanya kitu."

Nzomo alikubali. Na tuseme ukweli, alikubali haraka.

Jumamosi hiyo jua likielekea kushuka, alipanda na ndoo ya chokaa na brashi yake pana. Mizunguko ikaenda, misalaba ikaenda, ile namba sita ikaenda. Kazi rahisi. Alikuwa anapiga mluzi, nadhani ni wimbo wa kwaya. Halafu akafika pale juu, na mluzi ukakatika.

Palikuwa na jicho.

Lilikuwa kubwa kama ungo, moja tu, katikati ya ule uchafu wote. Lilikuwa jicho la mwanamke mzee. Kope zilikuwa zimelegea kidogo kwa uchovu wa kupepeta maharagwe miaka sitini. Pembeni kulikuwa na mikunjo, na kila mkunjo ulikuwa na kivuli chake, na hakuna hata mmoja uliochorwa kwa mstari. Ilikuwa rangi tupu iliyopulizwa, nyekundu ya udongo, zambarau, hata kijani, na Nzomo hakuwahi kujua kwamba ngozi ya mtu ina kijani. Kwenye ukingo wa chini palikuwa na unyevu. Aligusa kwa kidole. Ukuta ulikuwa mkavu kabisa, na bado jicho lilikuwa na machozi ambayo hayajaamua kama yatatoka.

Akakaa kwenye ubao wa jukwaa. Miaka yote hiyo alijiambia kwamba uso wa mtu hauwezi kukaa ukutani, kwamba si yeye aliyeshindwa, ni ukuta. Sasa hapa kulikuwa na ukuta, na jicho, na jicho linamwona. Ilikuwa ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona maishani, na alijua hivyo wazi, bila kuambiwa na mtu.

Kisha akachovya brashi, akalipaka chokaa.

Akapaka tena. Akangoja kidogo, akaona bado anaonwa, akapaka mara ya tatu, na ya nne.

Jumapili mhubiri alihubiri akitazama ukuta mweupe, watu wakampongeza Nzomo, na Nzomo hakusikia neno hata moja la mahubiri.

Muthoki alirudi saa tisa na mikebe yake ya rangi. Alisimama mbele ya ukuta, mikebe bado mkononi. Waruguru ndiye aliyepandwa na hasira, akamwita Nzomo pale pale.

"Mzee Nzomo, ni nini hii? Ukuta ni wangu ama ni wa kanisa?"

"Nilidhani ni uchafu," Nzomo akasema. "Nilikuwa nasafisha."

"Mama, usimkasirikie," Muthoki akasema. "Mzee hakujua." Akamgeukia Nzomo, akamweleza kwa adabu, bila kejeli. Ule uchafu ulikuwa ndio vipimo vyake. Unachora alama za ovyo ukuta mzima, zisifanane hata mbili, unapiga picha, halafu kwenye simu unalaza mchoro wako juu ya hiyo picha. Hivyo ukiwa juu kule unajua kwamba pua inaanzia kwenye ule msalaba, na mdomo unapita chini ya ile sita. Bila alama, mtu aliyesimama karibu na uso wa ghorofa mbili hajui kama anachora shavu au sikio.

"Na chokaa ndiyo mbaya zaidi," akaongeza. "Rangi yangu haishiki juu ya chokaa. Itabanduka yote."

Nzomo alishangaa jinsi akili ile ilivyo nzuri. Takataka yote ile ilikuwa hesabu. Hapo ndipo alipaswa kusema kwamba jicho aliliona. Maneno yalifika mdomoni kabisa, lakini Musyoka akaingilia kwa sauti ya kanisani, "Fundi hakujua, jamani, hakujua," na watu wote wakaitikia, na Nzomo akameza.

Ila mikono haikukaa. Alileta ndoo, siki, brashi za waya, akapanda mwenyewe, miaka sitini na moja. Muthoki akapanda upande wa pili, wakakwangua na kuosha mpaka giza likaingia, na Jumatatu kulipopambazuka wakaendelea. Pale juu ya jicho alifika Muthoki. Chokaa ilitoka polepole, vipande vipande, na jicho likarudi. Lakini halikurudi lote. Chokaa ilikuwa imeacha utando mwembamba katikati ya mboni, kama ule mtoto wa jicho wanaopata wazee wetu. Ukisugua zaidi, rangi ingetoka nayo.

Muthoki akaweka brashi ya waya chini.

"Wacha likae hivyo," akasema.

"Utalirudia?"

"Wacha tu, Mzee."

Zile alama zilikuwa zimekwanguka pamoja na chokaa, na kuzichora upya kungekula siku nzima, na siku hazikuwepo. Nzomo akaenda nyumbani, akarudi na kamba yake na kopo la masizi. Akafyatua mistari ya kulala na ya kusimama, mraba kwa mraba, ukuta wote, na Muthoki akaigawa picha yake kwenye simu kwa idadi ile ile ya miraba. Alipoona mistari ilivyonyooka, alipitisha kidole juu yake, akauliza, "Na hii umefanya bila chombo? Kamba peke yake?" Nzomo aliona haya kama bwana harusi.

Kuanzia hapo hakutoka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasahau chakula, akawa anaangalia. Jumanne ilitokea pua, kisha paji la uso lenye alama ya ukanda wa kiondo, ile alama ambayo kina mama waliobeba kuni na maji maisha yao yote hawaipotezi. Jumatano mdomo ulitokea, umefungwa, lakini ungeapa kwamba una neno. Jicho la pili likaja, safi, jeusi, likimulika. Muthoki alipuliza akiwa karibu na ukuta kiasi cha kuulamba, haoni ila ukungu wa rangi, na huku chini Nzomo aliona ule ukungu ukigeuka kuwa shavu. Mara mbili alijikuta amevua kofia. Sijui kama aliomba, lakini kofia alivua.

Alhamisi soko likajaa, na hakuna aliyeuza kitu mpaka saa nne. Watu walisimama. Wenye punda walisimama, punda wakasimama. Mwanamke yule mzee alikuwa anawatazama wote, jicho moja kali, jicho moja limeingia ukungu, na kila mtu alikuwa na jina la kumpa. Wengine walisema ni wa kwao Kikima, wengine wakasema wa Kiboko. Kathini alikuja na debe lake la ndengu kichwani. Nzomo alipomwona, akasogea nyuma ya watu.

Kathini alitua debe. Akaangalia weee, vile vile kama zamani.

"Huyu namjua," akasema. "Ni susu yangu, nyanya aliyenilea. Susu yangu kabisa, ile miaka ya mwisho, jicho likianza kumwacha. Alikuwa anatushika uso kwa mikono ndiyo ajue nani amekuja." Akafuta machozi kwa leso, bila aibu.

"Na jicho lenyewe limetokana na ile chokaa," Musyoka akawaeleza watu, amefurahi. "Mnaona Mungu? Aliongoza mkono wa Fundi, na Fundi mwenyewe hajui."

Watu wakamshika Nzomo mkono. Mmoja akampiga begani. Na hapo ndipo mzee aliposhindwa. Lawama angeibeba mpaka kaburini, lakini sifa zile zilimchoma.

"Nilijua," akasema.

Alimgeukia Muthoki, aliyekuwa anapanga mikebe yake kwenye gunia.

"Zile alama nilidhani ni uchafu, hiyo ni kweli. Lakini jicho niliona. Nilikaa hapo juu nikaliangalia. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na mimi nimeshindwa na uso maisha yangu yote. Nikalipaka nikijua. Nisamehe, mwiitu, binti yangu."

Muthoki alifunga gunia kwanza, mafundo mawili.

"Najua, Mzee."

"Unajua nini?"

"Si mimi nilikwangua? Ukuta wote ulipaka mkono mmoja tu. Hapo kwa jicho ulipaka minne. Nilihesabu."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Nimechora miaka saba. Watu wanapita, wanapiga picha, wanaenda. Wewe uliona jicho moja, halijamaliziwa hata, ukashindwa kulivumilia." Alimtazama. "Hakuna mtu amewahi kuangalia kazi yangu hivyo."

Nzomo aliinua macho ukutani, na lile jicho lenye ukungu lilikuwa linamwangalia kama Jumamosi ile, na safari hii hakuligeuzia mgongo. Alikaa nalo mpaka Muthoki akapata pikipiki ya kumtoa, akaenda na gunia lake njia ya Kitui. Miraba ya masizi bado ilionekana pembeni, pale rangi ilipoishia. Nzomo hakuifuta.

Jioni, soko likifungwa, alienda kwenye kibanda cha Kathini. Mama alikuwa anafagia ndengu zilizomwagika. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweupe, mweupe ule ule wa miaka yote hiyo.

"Kathini," Nzomo akasema, "ile picha ya mzee wako, ya kitambulisho. Bado unayo?"

Kathini aliacha kufagia. Aliingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kipochi cha kitambaa, akakifungua polepole, akampa.